"Nilimwona kwa macho yangu": shahidi mkweli anaweza kumfananisha mtu?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Miezi saba iliyopita niliporwa mkoba na simu usiku nikitoka kazini. Aliyenipora alikuwa na kisu, akasimama mbele yangu kwa nusu dakika hivi. Wiki tatu baadaye mpelelezi alinionyesha picha ya kijana mmoja kwenye simu yake, akaniuliza kama ndiye. Nikasema anafanana naye. Siku nne baada ya hapo nikaitwa kwenye gwaride la utambulisho, nikamgusa bega yule yule. Askari akaniambia, "Umefanya vizuri, ndiye tuliyekuwa tunamshuku." Sasa kesi imekaribia na wakili wake anasema nimekosea. Imeniuma. Mimi si mwongo, na sura ile naiona hata nikifumba macho. Je, mtu mwenye akili timamu anaweza kweli kukosea kitu alichokiona kwa macho yake?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nianze na hilo lililokuuma. Wakili anaposema umekosea hajasema umedanganya, ingawa najua ukiwa umesimama mbele ya hakimu maneno hayo mawili husikika kama neno moja. Mwongo husema asichokiamini. Wewe unakiamini unachokisema, na sina sababu yoyote ya kukutilia shaka. Ila unyoofu wako ni jambo moja, na usahihi wa kumbukumbu yako ni jambo jingine. La kwanza halithibitishi la pili. Kwa hiyo jibu fupi ni ndiyo, anaweza. Huwapata watu makini, wasomi, wenye nia njema, na wenye kila sababu ya kutaka mhalifu halisi akamatwe.

Jibu refu linatokana na mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu: ile picha ya kwenye simu, na lile neno "umefanya vizuri". Kwangu mimi hayo mawili ni mazito kuliko giza, kisu na nusu dakika vikiwekwa pamoja. Nitayafikia.

Kiswahili kina neno la kosa hili, na tunalitumia bila aibu yoyote. Unamwita mtu njiani, unamfuata, unamshika bega, anageuka, unasema: "Samahani, nimekufananisha." Tunasema pia duniani wawili wawili. Kwa maisha ya kawaida tunakubali kabisa kwamba jicho hughilibiwa. Lakini angalia jinsi kosa la njiani linavyosahihishwa: yule mtu anageuka, anaongea, na papo hapo unaona siye. Kwenye gwaride hakuna wa kukusahihisha. Uliyemgusa bega akisema "si mimi", hakuna anayemsadiki, maana hata mwenye hatia angesema hivyo hivyo. Kwa hiyo kosa linabaki pale pale, linaandikwa, linapigwa muhuri, na kila siku inayopita linazidi kufanana na ukweli.

Tunajiamini mno kuhusu kushika sura kwa sababu tunapima kwa sura tulizozizoea. Mama yako unamjua kwa mbali, kwa mgongo, kwa mwendo, hata kwa kikohozi. Uwezo huo ni wa kweli, lakini ni wa watu tunaowafahamu. Sura ya mgeni ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1999 watafiti wa Scotland walichapisha matokeo ya jaribio linaloonekana la kitoto: hii hapa sura ya mtu iliyotolewa kwenye video safi, na hizi hapa picha za watu 10, mtafute, kama yumo. Hakuna haraka, hakuna cha kukumbuka, kila kitu kiko mbele yako, na picha zilipigwa siku moja. Bado watu walikosea kama mara 3 katika kila 10. Mwaka huo huo jaribio jingine la huko huko lilitumia video hafifu ya kamera ya ulinzi. Waliowafahamu wale waliorekodiwa waliwatambua karibu bila kosa. Wasiowafahamu walibahatisha, na maofisa wa polisi waliokuwa kwenye jaribio hilo hawakuwashinda raia wa kawaida.

Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza shahidi yeyote ni moja: ulikuwa unamfahamu kabla ya siku ile? Shahidi anayesema "alikuwa fulani, jirani yetu, nikamtaja jina usiku ule ule" ana ushahidi wa aina yake. Naye anaweza kukosea, hasa akimwona mtu kwa ubavu gizani, lakini si kosa la aina yako. Wewe ulikutana na mgeni kabisa.

Sasa usiku wenyewe. Hapa sitakaa sana kwa sababu yaliyotokea yametokea, na hakuna anayeweza kuyarekebisha. Watafiti wawili wa Uholanzi, Willem Wagenaar na Juliette van der Schrier, walipima umbali na mwanga mwaka 1996 wakapata kanuni rahisi ya kukumbuka: sura ya mgeni iwe ndani ya mita 15, na mwanga usipungue luksi 15 (luksi ni kipimo cha mwanga). Umbali wako ulikuwa mzuri. Mwanga sijui, na luksi 15 si nyingi, lakini taa nyingi za barabarani haziifikii. Halafu kuna kisu. Silaha huvuta macho. Vipimo vya mwendo wa macho vilivyochapishwa mwaka 1987 vilionyesha mtazamaji akirudi tena na tena kwenye bastola iliyoshikwa na mteja, kuliko anavyorudi kwenye hundi iliyoshikwa na mteja yule yule. Eneo ambalo jicho huliona vizuri kabisa ni dogo, linatosha kufunika ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Kila sekunde iliyokwenda kwenye kisu haikwenda kwenye uso.

Na hofu? Watu wengi huamini kwamba hofu huchonga sura kichwani isifutike. Nami niliamini hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Kilichonibadilisha ni utafiti wa mwaka 2004 kwa wanajeshi zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa kwenye mafunzo ya kustahimili utekaji. Kila mmoja alihojiwa mara mbili na watu wawili tofauti, zaidi ya nusu saa kila mara, uso kwa uso, mwangani. Mahojiano ya aina moja yalikuwa ya kutisha na ya kutumia nguvu, ya pili yalikuwa ya kawaida. Saa 24 baada ya kuachiwa wakaletewa gwaride. Aliyewahoji kwa utulivu alitambuliwa na asilimia 62. Aliyewatisha, asilimia 30. Hao ni wanajeshi, waliokaa na mtu zaidi ya nusu saa.

Wewe ulikuwa na nusu dakika. Na hata hiyo nusu dakika nina mashaka nayo kidogo, usikasirike, kwa sababu mtu aliyetishiwa karibu daima hukadiria muda mrefu kuliko ulivyokuwa.

Basi tuje kwenye yale yaliyokuja baadaye, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika hata kwa shahidi aliyeona vizuri.

Kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye fremu. Kila unapoikumbuka unaijenga upya, na vifaa vya ujenzi huokotwa popote: ulichoona, ulichoulizwa, ulichosimuliwa, ulichotazama jana. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walionyesha watu 150 filamu fupi ya magari yanayogongana. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", jingine "yalipopondana", jingine halikuulizwa habari ya kasi. Baada ya wiki wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo kwenye filamu. Katika kundi la "yalipopondana", watu 16 kati ya 50 waliviona. Katika kundi la "yalipogongana" walikuwa 7, na kwa wasioulizwa kasi walikuwa 6. Neno moja tu kwenye swali liliwaletea baadhi yao vioo ambavyo havikuwahi kuwepo. Sasa jiulize picha nzima ya uso wa mtu, iliyoletwa na mpelelezi mwenye kesi yako, inaweza kuleta nini.

Umewahi kumwambia mtu, "Sura yako si ngeni machoni pangu, ila sikumbuki tulionana wapi"? Sentensi hiyo ina elimu yote unayoihitaji. Ubongo hutunza "nimewahi kumwona" katika fungu moja, na "nilimwona wapi" katika fungu jingine, na fungu la pili huvuja mapema zaidi. Uliposimama mbele ya gwaride, kijana yule hakuwa mgeni machoni pako. Ulikuwa umemwona siku nne tu kabla, kwenye simu ya mpelelezi. Lazima angekujia kwa nguvu kuliko wenzake waliosimama naye. Je, alikujia kwa sababu ya usiku ule, au kwa sababu ya ile simu? Wewe huwezi kujua. Mimi siwezi kujua. Hakuna kipimo chochote duniani kinachoweza kutenganisha hayo mawili baada ya kuchanganyika, kama vile huwezi kuchukua chumvi uliyoitia kwenye maji ukairudisha kwenye kopo.

Kisa cha Donald Thomson hunisaidia kila ninapofundisha jambo hili. Ni mwanasaikolojia wa Australia. Miaka ya 1970 mwanamke aliyebakwa nyumbani kwake alimtambua yeye kuwa ndiye mbakaji, bila kusita. Bahati yake ni kwamba saa ile ya tukio alikuwa kwenye kipindi cha televisheni, mubashara, mbele ya mashahidi wasiopingika. Ikajulikana kwamba televisheni ya mwanamke yule ilikuwa imewashwa wakati anashambuliwa. Sura aliyoikumbuka ilikuwa ya kweli. Aliiona usiku ule ule, dakika zile zile. Ilitoka tu mahali pengine. Na alichokuwa anakizungumzia Thomson kwenye kipindi hicho ni kumbukumbu za mashahidi. Ningekuwa natunga hadithi nisingethubutu kuandika hivyo.

Kuonyeshwa picha moja peke yake ni kama kuulizwa swali lenye jibu ndani yake. Huna wa kulinganisha naye. Na umesema mwenyewe ulijibu "anafanana naye". Ulisema neno la busara sana, dada yangu, na ningependa ulikumbuke, kwa sababu nina wasiwasi kwamba hata wewe umeshalisahau uzito wake. Kufanana si kuwa.

Gwaride nalo lina mtego wake hata likifanywa bila picha ya awali. Mtu akiwekewa safu ya watu na kujua kwamba polisi wamemwita kwa sababu, hudhani mhalifu yumo. Basi hatafuti "ndiye huyu", hutafuta "nani kati ya hawa anamkaribia zaidi". Mtafiti wa Marekani Gary Wells aliuanika mtego huu mwaka 1993. Watu 200 walishuhudia uhalifu wa kuigiza. Nusu wakapewa safu ya sita yenye mhalifu, na asilimia 54 wakamchagua. Nusu nyingine wakapewa safu ile ile lakini mhalifu ameondolewa, hakuna aliyewekwa mahali pake. Ungetarajia wale asilimia 54 waseme "hayumo", siyo? Waliosema hayumo walipanda kutoka asilimia 21 hadi 32 tu. Wengi walimhamia aliyefuata kwa kufanana: mtu ambaye mwanzo alichaguliwa na asilimia 13 akapanda hadi asilimia 38. Mtu huyo hakuwa na kosa lolote isipokuwa kufanana na mhalifu kuliko wenzake.

Dawa yake si ngumu, na sehemu ya dawa ni sentensi moja. Shahidi aambiwe kabla: "Mtu uliyemwona anaweza kuwemo na anaweza asiwemo." Jaribio la mwaka 1981 lilitumia safu isiyo na mhalifu. Pale maelekezo yalipompa shahidi kuelewa kwamba lazima yumo, asilimia 78 walimchagua mtu. Alipoambiwa anaweza asiwemo, walibaki asilimia 33. Wewe uliambiwa sentensi hiyo? Hukuitaja.

Mambo mengine ya gwaride zuri yako wazi. Wanaojazia safu wafanane na maelezo uliyoyatoa wewe, mtuhumiwa asiwe ndiye pekee mrefu au pekee mwenye shati la mahabusu. Anayeliendesha asijue mtuhumiwa ni yupi, maana anayejua humwelekeza shahidi hata asipotaka, kwa kukohoa, kwa kusubiri kidogo, kwa kusema "chukua muda wako" pale tu jicho lako linapopita kwa mtu asiyemtaka. Shughuli yote irekodiwe. Wapo wanaobishana miaka mingi kama watu waonyeshwe wote pamoja au mmoja mmoja. Ubishi huo wameufanya mkubwa kuliko unavyostahili, kwa maoni yangu. Ningechagua mwendeshaji asiyejua mtuhumiwa ni nani kuliko kitu kingine chochote.

Na si kwamba mashahidi wa kweli wana macho makali kuliko wale wa maabara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 wa magwaride zaidi ya 300 ya polisi wa London ulionyesha kwamba kama shahidi mmoja kati ya watano alimchagua mtu wa kujazia, yaani mtu ambaye polisi walijua hakika hahusiki. Hao walikosea na ikajulikana. Wanaomkosea mtuhumiwa hatuwajui, kwa sababu chaguo lao linaonekana kama mafanikio.

Sasa "umefanya vizuri". Askari wako nadhani hakuwa na nia mbaya, alitaka kukutuliza. Lakini tazama kilichotokea kwenye jaribio la Wells na Amy Bradfield mwaka 1998. Watu walitazama video hafifu ya mtu, kisha wakapewa picha kadhaa wamchague. Mtu yule hakuwemo kwenye picha hizo, na wote walichagua, kwa hiyo wote walikosea. Baadhi wakaambiwa kwamba wamempata mtuhumiwa, wengine hawakuambiwa kitu. Kisha wakaulizwa: ulikuwa na uhakika kiasi gani wakati unachagua? Uliuona uso vizuri kiasi gani? Ulikuwa makini kiasi gani? Waliosifiwa walijibu kwamba walikuwa na uhakika zaidi, waliona vizuri zaidi, walikuwa makini zaidi. Video ilikuwa ile ile. Sentensi moja ya baadaye ilirudi nyuma ikaboresha kumbukumbu ya kuona kwenyewe.

Fikiria maana yake mahakamani. Hakimu anapotaka kupima ushahidi wako atakuuliza nini? Ulimwona vizuri? Kwa muda gani? Una uhakika? Ni maswali yale yale ambayo sifa ya askari imeshayapaka rangi. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliweka vigezo vya namna hiyo mwaka 1972, uhakika wa shahidi ukiwa mmojawapo, na ilichukua karibu miaka 40 hadi mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey, mwaka 2011, ilipokaa na matokeo ya tafiti na kubadilisha namna jimbo lile linavyoupima ushahidi huu. Kumuuliza shahidi mwenyewe kama kumbukumbu yake imechafuliwa ni sawa na kupima uzito kwa mizani inayoshukiwa.

Nakusimulia kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinafanana na chako kuliko unavyodhani. Julai 1984, mjini Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson, miaka 22, alibakwa na mtu aliyevunja na kuingia kwake usiku. Hakufumba macho. Aliamua kuusoma uso wa mtu yule, nywele, pua, alama zozote, ili akiokoka amfunge. Polisi wakampa picha sita. Alizikagua kwa dakika kadhaa, akachagua moja kwa maneno ya mtu anayedhani, akaambiwa amefanya vizuri. Likafuata gwaride la watu saba. Kati ya hao saba, mmoja tu alikuwa amekuwemo kwenye zile picha: Ronald Cotton. Thompson akasita kati ya wawili, kisha akamchagua Cotton. Akaambiwa ndiye yule wa pichani, akashusha pumzi. Kufikia Januari 1985 alipopanda kizimbani hakuwa na chembe ya shaka, na jopo la waamuzi likamwamini, kama mimi na wewe tungemwamini. Cotton akapata kifungo cha maisha. Mwaka 1987 kesi ikasikilizwa upya, na mtu ambaye minong'ono ya gerezani ilimtaja kuwa ndiye mhalifu akaletwa mbele ya Thompson. Akasema hajawahi kumwona maishani mwake. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kikaonyesha kwamba ni huyo huyo aliyekuwa mhalifu. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka 10.

Thompson hakudanganya hata mara moja. Sura aliyokuwa akiiona kila akifumba macho ilikuwa ya Cotton kweli, kwa sababu ile ya mhalifu ilikuwa imefunikwa. Baadaye walikutana, akamwomba msamaha, akasamehewa, na wamezunguka pamoja miaka mingi wakidai taratibu za polisi zibadilishwe.

Si kisa cha pekee. Shirika la Innocence Project la Marekani, linalotetea waliofungwa bila hatia, linasema utambuzi uliokosewa ulikuwemo katika asilimia 69 ya hukumu zaidi ya 370 zilizotenguliwa huko kwa vinasaba. Usiisome takwimu hiyo vibaya: haisemi kwamba asilimia 69 ya mashahidi hukosea. Inasema kwamba pale mtu asiye na hatia alipofungwa na ikathibitika, mara nyingi kulikuwa na shahidi aliyemnyooshea kidole.

Usije ukaniambia sasa mashahidi wote watupwe nje. Sivyo ninavyoamini, na wapo wenzangu waliosukuma hoja hii mbali mno hadi ikawa kana kwamba macho hayafai kitu. Uhakika wa shahidi una thamani, tena kubwa, kwa sharti moja: uwe uhakika wa mara ya kwanza kabisa, kwenye gwaride safi, kabla mtu yeyote hajamwambia lolote. Mtafiti John Wixted na Wells walizipitia tafiti za jambo hili mwaka 2017, nao wakafika hapo: shahidi anayesema papo hapo "ndiye, sina shaka" mara nyingi yuko sahihi, na anayesema "nadhani" au "anafanana naye" hukosea mara nyingi mno kiasi kwamba haifai kumfunga mtu kwa neno lake. Uhakika unaokuja miezi baadaye una thamani ndogo, maana umelishwa na kila kilichotokea katikati. Kwa hiyo kwenye kesi yako neno la kutazamwa ni lile ulilomjibu mpelelezi wiki tatu baada ya tukio, wala si hili unaloniandikia leo.

Mahakama zimejua hatari hii zamani. Adolf Beck alifungwa London mwaka 1896 baada ya wanawake kadhaa, mmoja baada ya mwingine, kuapa kwamba ndiye tapeli aliyewaibia vito. Baadaye iligunduliwa kwamba tapeli wa awali, aliyefungwa kabla kwa utapeli wa namna ile ile na ambaye Beck alidaiwa kuwa ndiye, alikuwa ametahiriwa na Beck hakuwa, lakini hilo halikumtoa. Mwaka 1904 akatiwa hatiani tena kwa mashahidi wapya, hadi tapeli halisi alipokamatwa. Wingi wa mashahidi haukuzuia kosa. Uamuzi wa mahakama ya Uingereza katika shauri la Turnbull, mwaka 1976, ulimtaka jaji aonye wazi kwamba shahidi anayeshawishi anaweza kuwa amekosea, na mashahidi kadhaa wanaweza kukosea kwa pamoja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilisema kwa ukali zaidi: ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu umeondolewa. Ikataka ijulikane muda, umbali, mwanga, na kama shahidi alimfahamu mshtakiwa kabla. Ni maswali mazuri. Ningeongeza moja: kabla ya gwaride, ulionyeshwa nini?

Sijasema kijana yule hana hatia. Huenda ndiye. Huenda simu yako ilikutwa kwake, huenda kuna alama za vidole, huenda kuna mwingine aliyemwona akikimbia. Hayo ndiyo yaibebe kesi, na kama yapo wala huna haja ya kuibeba peke yako kwa macho yako. Kama hayapo, basi kesi yote imesimama juu ya nusu dakika na picha ya simu, na hakuna anayekudai uifanye iwe zaidi ya hapo. Kuulizwa na wakili "una uhakika asilimia mia?" si lazima kujibiwe kwa ndiyo au hapana. Unaruhusiwa kusema: siku ya kwanza nilisema anafanana, leo nina uhakika zaidi, na sijui uhakika huu umetoka wapi.

Kabla ya siku hiyo fanya hivi. Omba kusoma maelezo uliyoyatoa polisi usiku ule au kesho yake, kabla ya picha, kabla ya gwaride. Urefu, umri, rangi, nywele, sauti, kovu, nguo, chochote ulichokitaja wakati bado hujaletewa sura ya mtu. Soma bila kumfikiria kijana yule, kisha ndipo umlinganishe naye. Na mwendesha mashtaka mwambie mwenyewe habari ya ile picha ya kwenye simu, tarehe, na neno ulilojibu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba haimo kwenye jalada, na ni bora aisikie kwako wiki hii kuliko kuisikia kwa mara ya kwanza wakili wa utetezi atakapokuwa anakuhoji.